Kitabu Kisicho na Dondoo: Usomaji wa Kujifurahisha katika Shule za Kakamega

Usomaji wa kujifurahisha ni ule ambao msomaji huchagua kitabu mwenyewe, hukisoma kwa kasi anayoitaka, hukiweka kando kikimchosha na hatarajii kuulizwa swali lolote akishakifunga. Katika shule za upili za Kaunti ya Kakamega, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, huu ndio usomaji unaotengewa nafasi finyu zaidi, ilhali ndio unaomfanya kijana aendelee kusoma hata baada ya kuivua sare ya shule. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kuhitimu akiwa amesoma riwaya moja ya Kiswahili, tamthilia moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, pamoja na vitabu vingine vichache vya Kiingereza, vyote vikiwa vimechaguliwa na watu asiowajua kwa ajili ya mtihani anaouogopa, kisha akatoka shuleni akiamini kwamba kitabu ni kitu cha kutahiniwa na hakina kazi nyingine. Lawama ya kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma husikika kila mara watu wazima wanapokutana kuzungumzia elimu, lakini lawama hiyo inawaonea vijana hao, kwa sababu wengi wao hawajapata kuwekewa mbele yao kitabu kisicho na mtihani nyuma yake.

Jinsi mtihani unavyoutawala usomaji huonekana wazi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE, ambayo hushughulikia fasihi na kubeba alama 80. Humo mtahiniwa huwekewa dondoo, yaani maneno machache yaliyotolewa katika kitabu teule, na aghalabu swali la kwanza humtaka aeleze muktadha wa dondoo hilo kwa alama nne: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yanasemwa. Swali lenyewe halina ubaya, kwani kujua nani anasema nini na kwa sababu gani ni sehemu ya kuielewa hadithi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyezoezwa kulitarajia kwa miaka mizima huifungua riwaya kama Nguu za Jadi ya Clara Momanyi akiwa na kalamu mkononi, akapigia mstari kila usemi unaoweza kugeuzwa dondoo, akaandika pembeni mwa ukurasa maneno kama jazanda, kinaya na mbinu rejeshi, kisha akaupita mbio ukurasa unaosisimua kuliko yote kwa kuwa hauna cha kukariri. Taharuki, ambayo ni ile hamu ya msomaji ya kutaka kujua litakalofuata, huwa kwake ni istilahi ya kuorodheshwa na kutolewa mfano, wala si jambo lililowahi kumkosesha usingizi. Wapo pia wasiofika hata hapo, kwa sababu mwongozo, yaani kijitabu kinachofupisha sura, kuchambua wahusika na kutaja maudhui, hupatikana kwa urahisi na humwezesha mtu kujibu maswali ya kitabu ambacho hakukisoma. Walimu wanalijua hilo, na wengi wao linawasikitisha, lakini wao wenyewe hupimwa kwa alama za wastani za somo lao, na mwalimu anayepimwa kwa njia hiyo hawezi kulaumiwa peke yake akiharakisha kuingia katika uchambuzi kabla wanafunzi hawajaionja hadithi.

Ni vyema kukumbuka kwamba vizazi vilivyotangulia vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikuwa na vitabu vyao vya pembeni, ambavyo havikuwa katika silabasi na mara nyingine vilisomwa chini ya dawati au kwa tochi ndani ya blanketi. Vitabu vya Barbara Kimenye kuhusu mvulana mtundu aitwaye Moses na visa vyake katika shule ya bweni vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na vikapendwa kwa sababu viliyasimulia maisha ambayo msomaji aliyaishi, yakiwamo mabweni, chakula kibaya, walimu wakali na mipango ya kutoroka. Mfululizo wa Pacesetters wa kampuni ya Macmillan, ulioanza katika miaka ya 1970, ulizungushwa kutoka mkono hadi mkono mpaka majalada yakabanduka. Kwa upande wa Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa ameshamtoa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, na akaendelea kumtumia katika riwaya nyingine ambazo msomaji huzisoma kwa sababu moja tu, nayo ni kutaka kumjua mwuaji. Ken Walibora naye, aliyekulia pande za Kitale, aliandika Siku Njema, riwaya ya mwaka 1996 inayosimulia safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na kijana wa Kakamega anayeisoma anaweza kuijua Kitale kwa macho, kwa kuwa barabara ipitayo mjini kwao ndiyo inayopanda kupitia Webuye kwenda huko. Riwaya hiyo iliwafikia wengi kupitia darasani, lakini wapo watu wazima wanaoikumbuka safari ile vizuri kuliko wanavyokumbuka swali lolote waliloulizwa kuihusu, na hiyo ndiyo dalili ya kitabu kilichosomwa kwa moyo.

Anayedai kwamba matineja wa kaunti hii hawajali fasihi anapaswa pia kueleza yaliyotokea Butere. Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere imeingia mara mbili katika habari za taifa kwa sababu ya tamthilia: mwaka 2013 kwa Shackles of Doom na mwaka 2025 kwa Echoes of War, zote mbili zikiwa zimeandikwa na Cleophas Malala, na mara zote mbili Mahakama Kuu ikaamuru kwamba maonyesho yaruhusiwe. Mnamo tarehe 10 Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru, wasichana hao waliuimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila ya kuigiza, kwa kuwa mwelekezi wao alizuiwa kuwa pamoja nao. Mjadala wa kisiasa uliofuata ulikuwa mrefu na hauhusu makala haya. Linalohusu ni kwamba hapa palikuwa na wasichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba walioyabeba maneno ya tamthilia kichwani kwa miezi kadhaa, wakabishana juu ya maana yake na kuyaona kuwa ni yao, bila ya kutarajia hata alama moja ya KCSE. Vijana wa namna hiyo hawana uhaba wa uwezo wala wa shauku. Pale fasihi inapozungumza na maisha yao, na wanapoachiwa kuishika kwa mikono yao wenyewe, huishika kwa nguvu.

Kwamba usomaji wa hiari unamfaa mwanafunzi hata katika mtihani wenyewe ni jambo lililochunguzwa kwa muda mrefu, na inafaa kulieleza kwa makini kwa sababu ndilo linalowashawishi wazazi na wakuu wa shule. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi katika shule za vijijini za Fiji ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya pili, kila darasa likapata takriban vitabu 250, na wanafunzi waliovisoma au kusomewa wakapiga hatua katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Mwaka wa pili faida hiyo ikaonekana hata katika masomo mengine. Wale walikuwa watoto wadogo kuliko matineja wanaozungumziwa hapa, lakini uchunguzi wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2000, unaopima vijana wa miaka 15 chini ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ulionyesha jambo lililo karibu zaidi na hali ya Kakamega: vijana wa familia zenye kazi za hadhi ya chini waliosoma kwa wingi na kwa kupenda walipata alama za juu kuliko vijana wa familia zenye kazi za hadhi kubwa ambao hawakupenda kusoma. Kwa mtoto wa mkulima wa miwa wa Mumias au wa mchuuzi wa soko la Lubao, hakuna habari ya kielimu iliyo njema kuliko hiyo, kwa maana inasema kwamba kitabu cha hadithi kinaweza kumpa sehemu ya kile ambacho pesa za mzazi hazikuweza kumnunulia.

Karibu zaidi na nyumbani, Tanzania ilishaupitia mjadala huu. Ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini humo hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kufuata masomo yao, na mradi ulioanza mwaka 1987 ukapeleka katika shule vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, kwa imani kwamba mwanafunzi angejifunza lugha kwa kusoma kingi anachokielewa kuliko kwa kusoma kidogo kinachomshinda. Wazo hilo la kusoma kingi na chepesi ndilo ambalo shule nyingi hulipuuza, pale zinapodhani kwamba kitabu chema ni kile kinachomtoa msomaji jasho.

Serikali yenyewe haina kipingamizi katika maandishi. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 umeingiza katika somo la Kiswahili mada ya kusoma kwa mapana, ambapo mwanafunzi hutakiwa kusoma matini ya kujichagulia, na maneno hayo mawili ya mwisho yana uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10, katika Sekondari Pevu, mnamo Januari 2026, wakagawanywa katika mikondo mitatu, yaani wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na michezo. Fasihi ya Kiswahili sasa ni somo la kuchaguliwa. Mabadiliko hayo yanaweza kuchukuliwa kwa njia mbili, na shule ndizo zitakazoamua. Ikiwa usomaji wa hadithi utahesabiwa kuwa ni mali ya wale waliochagua Fasihi, basi kijana wa mkondo wa sayansi atakaa miaka mitatu akisoma vitabu vya fizikia na hesabu tu. Ikiwa utahesabiwa kuwa ni haki ya kila mwanafunzi, basi huenda kwa mara ya kwanza maelfu ya vijana wakasoma riwaya ambayo hakuna atakayewasahihishia.

Hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya jambo hili ni kwamba hakuna muda. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha zinatenga muda hadi saa kumi na moja kasorobo kwa shughuli za nje ya darasa. Katika muda huo ndipo Green Commandos, timu ya soka ya Shule ya Kakamega inayojulikana kote nchini, hufanya mazoezi, na hakuna anayeuliza mpira unaleta alama ngapi. Mchezaji wa timu hiyo aliupenda mpira zamani, alipokuwa akiupiga mpira wa makaratasi uwanjani mwa kijiji, kabla mkufunzi yeyote hajamweleza kanuni za kuotea, na msomaji naye hukua kwa utaratibu uo huo. Chama cha wasomaji kinastahili nafasi katika ratiba ile ile. Zaidi ya hayo, ratiba za shule nyingi zina kipindi cha maktaba, ambacho mara nyingi huchukuliwa na mwalimu wa hesabu au wa kemia anayekimbizana na silabasi. Kukirudisha kipindi hicho hakuhitaji waraka wa Wizara wala fedha, kunahitaji mwalimu mkuu aseme kwamba hakichukuliwi na mtu.

Suala la vitabu ni gumu kuliko la muda. Maktaba za shule nyingi zimegeuka ghala la vitabu vya kiada, yaani vile vya kufundishia, na ghala hilo limejaa zaidi tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu hivyo kwa pamoja na kuvifikisha moja kwa moja shuleni ili kila mwanafunzi awe na chake. Utaratibu huo ulileta usawa ambao haukuwapo, na unastahili sifa, lakini kitabu cha hadithi hakikupata utaratibu wa aina hiyo, na maduka ya vitabu mijini, ambayo mapato yake yalitegemea vitabu vya kiada, yalipungukiwa na nguvu ya kuweka hadithi kwenye rafu. Kabla ya hapo, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilikuwa imeviwekea vitabu kodi ya asilimia 16, hatua ambayo wachapishaji waliipinga kwa haki, maana nchi inayotoza kodi kitabu cha hadithi cha mtoto inamwomba mzazi maskini achague kati yake na unga. Katiba ya 2010 nayo iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, na mjini Kakamega ipo maktaba ya umma iliyoanzishwa chini ya Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, ambayo kijana wa shule iliyo karibu anaweza kuitumia; lakini kaunti iliyokuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya 2019 haiwezi kuridhika na maktaba ambayo mtoto wa Likuyani au Khwisero hawezi kuifikia kwa miguu. Bajeti ya kaunti inayotaja barabara, hospitali na masoko bila ya kutaja maktaba za wadi imesahau sehemu ya wajibu wake wa kikatiba.

Hata pale vitabu vilipo, kabati huwa limefungwa na ufunguo uko kwa mwalimu mmoja ambaye leo yuko kwenye semina. Hofu ya vitabu kupotea inaeleweka, kwa sababu mwalimu huyo ndiye atakayeulizwa, lakini kitabu kilichopotea mikononi mwa msomaji kimefanya kazi kuliko kile kilichozeeka kabatini kikiwa na muhuri safi na karatasi ya tarehe za kurudishwa isiyo na hata tarehe moja. Njia iliyojaribiwa katika nchi nyingi ni ya sanduku la darasa: vitabu hukaa ndani ya darasa lenyewe, mwanafunzi mmoja huteuliwa kuandika daftari la anayeazima, na kila baada ya muhula madarasa hubadilishana masanduku.

Kuhusu namna ya kuwavuta wanafunzi, kuna jambo ambalo utafiti unalitahadharisha. Usomaji wa kimya wa pamoja, yaani utaratibu ambao shule nzima huacha kila kitu kwa dakika ishirini au thelathini ili kila mtu asome alichokichagua, ulienea Marekani tangu miaka ya 1960, lakini jopo la kitaifa la usomaji la nchi hiyo lilisema mwaka 2000 kwamba halikupata ushahidi wa kutosha wa majaribio kuthibitisha kwamba kuwaambia tu wanafunzi wasome kimya kunawaongezea umahiri. Tahadhari hiyo haiufuti utaratibu wenyewe. Inakumbusha kwamba kimya peke yake hakitoshi. Mwalimu anayesahihisha madaftari wakati wanafunzi wanasoma amewaambia, bila ya kutamka neno, kwamba kusoma ni kazi ya watoto, ilhali yule anayeketi nao akiwa na riwaya yake mwenyewe, akacheka peke yake, akaulizwa anacheka nini, amefanya zaidi ya mhadhara. Mwalimu anayesoma kwa sauti kurasa nne za mwanzo za kisa cha Bwana Msa, akakifunga kitabu pale maiti inapoonekana na kutaja tu nambari yake kabatini, atakuta kitabu hicho kina foleni.

Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, ambaye alikuwa mwalimu wa fasihi, alitoa mwaka 1992 kitabu chenye orodha ya haki kumi za msomaji, zikiwamo haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu na haki ya kusoma chochote. Haki ya tatu kati ya hizo zilizotajwa ndiyo inayowatia hofu walimu na wazazi, hasa kijana anapochagua hadithi za mapenzi, katuni, maisha ya wachezaji wa mpira au riwaya za kijasusi. Hofu hiyo ina msingi pale penye maudhui yasiyofaa umri, na mwalimu ana wajibu wa kujua kilichomo sandukuni, lakini kitabu chepesi si kitabu kiovu, na kijana aliyesoma vyepesi ishirini ana nguvu ya kukikabili kizito ambacho mwenzake aliyelazimishwa hatakimaliza. Vivyo hivyo, kumdai muhtasari wa kila kitabu alichokisoma ni kuurudisha mtihani kwa mlango wa nyuma.

Mwanafunzi wa shule ya kutwa anahitaji kufikiriwa peke yake, na katika kaunti hii wako wengi. Akifika nyumbani jioni humngoja maji, kuni, ng'ombe na wadogo zake, na mwangaza uliopo huwa ni wa taa moja ya sola inayogombaniwa na watu watano. Kumwambia akasome nyumbani ni kumpa agizo asiloweza kulitimiza. Kwake yeye, dakika thelathini za kusoma ndani ya saa za shule huenda zikawa ndizo za pekee kwa siku nzima.

Kila mwaka, shule za bweni huwapelekea wanafunzi wapya barua ya kujiunga, yenye orodha ya vitu vya kuja navyo: godoro, blanketi, sanduku la chuma, ndoo, kamusi, Biblia au Kurani, kikokotoo, atlasi. Mzazi huizunguka Kakamega mjini akiwa na barua hiyo mkononi, akikiwekea alama kila kitu alichokipata, na hakuna anayethubutu kukiacha hata kimoja. Wakuu wa shule na bodi zao waongeze mstari mmoja katika orodha hiyo: kitabu kimoja cha hadithi, cha Kiswahili au cha Kiingereza, kipya au kilichotumika, ambacho mwanafunzi amekichagua mwenyewe na ambacho si kitabu teule. Darasa la wanafunzi hamsini litaanza muhula likiwa na vitabu hamsini tofauti, na shule za kutwa zinaweza kulianzisha jambo hilo hilo kwa wazazi kuchangia kidogo kidogo katika mkutano wa kwanza wa mwaka. Barua za wanafunzi wajao bado hazijaandikwa. Mstari huo uandikwe.